Miguu Inagoma Orlando: Inapouma, Kwa Nini Inauma, na la Kufanya Kabla Hujasafiri

Mara ya kwanza kumpeleka mama Orlando, kule Florida, Marekani, kwenye bustani za burudani za Disney, nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa miguu. Tiketi nilikata miezi mitatu kabla, hoteli nikalipia, makoti ya mvua ya nailoni nikanunua manne. Siku ya pili, saa nane mchana, mimi niliyekulia Muheza nikienda shule na kurudi kwa miguu, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa njia, kiatu kimoja mkononi, nalitazama lengelenge lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Mama amesimama pembeni, anajipepea kwa ramani.

Tulikuwa Harambe. Aliyefika Disney's Animal Kingdom anapajua: kijiji cha kubuni kilichojengwa kwa sura ya miji ya pwani yetu, kuta zimebanduliwa rangi makusudi, maandishi ya Kiswahili kila upande. Mama akaona kibao kimeandikwa "Dawa". Akaniambia, "Si hao hapo wana dawa? Nenda kaniulizie Panadol." Nikaenda nachechemea. Kumbe baa.

Nimerudi mara mbili tangu siku hiyo, na kila mara nimejifunza kitu kwa kuumia au kwa kumwona mwenzangu anaumia. Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Tafuta panapokuuma, au panapokuumaga ukitembea sana, usome chanzo chake. Sehemu kubwa ya tiba inafanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla ya ndege. Ukishafika kule kinachobaki ni kupunguza hasara.

"Nyumbani natembea vizuri, lakini kule nyayo zinawaka moto kabla ya alasiri"

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mtu, na wengi wanakosea chanzo. Wanadhani ni umbali. Umbali upo kweli: Walt Disney World ina bustani kubwa nne, na siku moja ndani ya bustani moja, simu yangu ilihesabu hatua 26,000, kama kilomita 18. Kule EPCOT, moja ya hizo nne, kulizunguka tu lile ziwa lenye mabanda ya nchi 11 ni karibu kilomita mbili. Magic Kingdom, nyingine kati ya hizo, ukija kwa gari lako, unaegesha ng'ambo ya maji, kisha unapanda kivuko au treni ya reli moja ndipo ufike getini. Miguu imeshaanza kazi na hujaona kitu.

Lakini kilomita 18 kwa mtu mzima mwenye afya si mwisho wa dunia. Kinachomaliza nyayo ni kusimama. Ukitembea, vigimbi vinakaza na kulegea, na kila vikikaza vinasukuma damu irudi juu. Ukisimama kwenye foleni dakika arobaini, pampu hiyo imelala: damu na maji vinatuama miguuni, unyayo unavimba, kiatu kilichokutosha asubuhi kinakuwa kidogo. Ongeza zege. Njia za Harambe zimechapwa alama za majani na magurudumu zionekane kama udongo wa kijijini, lakini goti halidanganyiki, lile ni zege.

Kwa hiyo fanya mazoezi ya kusimama. Najua linachekesha. Kazi yangu ni kuendesha lori, nakaa kutwa, na nilipoanza kujiandaa kwa safari ya pili niligundua naweza kutembea saa moja na nusu bila taabu, ila kusimama nusu saa bila kuegemea kitu siwezi. Nikaanza kupokea simu nimesimama, kula mchana nimesimama kando ya lori, kupiga pasi bila kuvuta stuli. Baada ya mwezi kiuno kiliacha kulalamika.

Ukiwa kwenye foleni yenyewe, usisimame kama mlingoti. Panda kwenye vidole na ushuke mara ishirini, hamisha uzito mguu huu na ule, chezesha vidole ndani ya kiatu. Ukiona ukingo wa kukaa, kaa hata dakika tatu. Watu wa nyuma yako watakushangaa saa nne asubuhi. Saa kumi jioni watakuiga.

Viatu: raba zenye soli nene ambayo haijachakaa, ulizozivaa angalau wiki tatu. Nunua jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Nunua au tenga jozi ya pili tofauti kidogo, ubadilishe siku hadi siku, maana kila kiatu kina mahali pake pa kubana. Kandambili ziwe za hotelini tu.

Malengelenge

Lengelenge halianzi na maji. Linaanza na kipande kimoja cha ngozi kinachopata joto kuliko jirani zake. Hapo ngozi inavutwa huku na huku maelfu ya mara, jasho limeilainisha, mpaka tabaka la juu linaachana na la chini na maji yanaingia katikati. Msuguano, unyevu, joto. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, umeliwahi.

Mahali lilipotokea panakuambia kosa liko wapi. Likiwa nyuma ya kisigino, kiatu kinapwaya na kisigino kinapanda na kushuka kila hatua; tumia tundu la mwisho kabisa la kamba, lile ambalo watu wengi hawaligusi, ukaze pale kwenye kifundo. Likiwa nchani mwa vidole, au kucha ikigeuka nyeusi, kiatu ni kifupi au mguu unateleza mbele. Likiwa katikati ya vidole, ni jasho na soksi iliyojikunja. Likiwa chini ya unyayo, nyuma ya vidole, mguu unaogelea ndani ya kiatu kipana.

Langu lilikuwa la kisigino, na chanzo kilikuwa ujinga mtupu. Jana yake mvua ya alasiri ilitunyeshea. Florida kipindi cha Juni hadi Septemba mvua za radi hushuka mchana karibu kila siku, ghafla, kama mtu amefungua bomba, na baada ya nusu saa jua linawaka tena. Viatu vililoa, soksi zangu za pamba zikanywa maji, nami nikaendelea kutembea saa tano zaidi kwa sababu tiketi ilikuwa ghali. Pamba inafyonza maji na kukaa nayo. Tangu hapo navaa soksi nyembamba za sufu laini au za nailoni za wanamichezo, na kwenye begi kuna jozi mbili kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Saa saba mchana nabadilisha, mvua inyeshe isinyeshe.

Ukihisi pamepata joto, simama hapo hapo. Si baada ya foleni hii, si baada ya gwaride. Vua kiatu, kausha, bandika plasta ya kitambaa ikae bila mkunjo. Dakika tano hizo zinakuokolea siku tatu. Kama unajua sehemu yako ya kila mara, bandika asubuhi kabla hujatoka.

Lengelenge dogo ambalo halijapasuka liache, ulifunike. Likiwa kubwa kiasi cha kukuzuia kutembea, nawa mikono, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni, maji yatoke, na ile ngozi ya juu uiache ibaki kama kifuniko. Mwenye kisukari asitoboe. Aende kwa muuguzi. Kila bustani kati ya zile nne ina kituo cha huduma ya kwanza, plasta wanatoa bure, na hakuna anayekuuliza maswali mengi. Mimi nilikijua kituo hicho siku ya mwisho. Usaha, joto linalosambaa pembeni ya kidonda, au homa, hayo ni ya daktari. Na tukumbuke kwamba ule "wekundu" unaoandikwa kwenye maelekezo haujionyeshi wazi kwenye ngozi nyeusi: pima kwa kupapasa, linganisha na mguu mwingine.

"Siku ya kwanza nilikuwa shujaa, ya pili siwezi kushuka ngazi"

Misuli iliyofanya kazi isiyoizoea haiumi sana siku hiyo hiyo. Maumivu yanapanda taratibu na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ukiwa na tiketi ya siku nne, piga hesabu mwenyewe: siku ya pili na ya tatu, zilizo katikati ya pesa yako, ndizo za kuchechemea.

Hapa ndipo maandalizi ya watu wengi yanapovujia. Wanatembea Jumamosi, tena matembezi marefu kweli, halafu Jumapili wanapumzika. Mwili unajifunza kutembea ukiwa umelala vizuri na kupona. Haujafundishwa kuamka na miguu mizito na kutoka tena.

Niliyoifuata mimi ni ratiba ya wiki nane, na si ya kitaalamu. Wiki ya kwanza, dakika 30 siku nne. Siku za katikati ya wiki sikuzibadilisha sana. Jumamosi ndiyo niliyoiongeza, dakika 15 hadi 20 kila wiki, mpaka wiki ya sita ikafika saa mbili. Wiki ya saba ndiyo mtihani: Jumamosi natembea kwa muda wa saa mbili asubuhi na kwa muda wa saa moja jioni, na Jumapili narudia vilevile, miguu ipende isipende. Viatu vile vile vya safari, soksi zile zile, begi lile lile lenye chupa ya maji. Lengelenge likitokea, litokee hapa Columbus, Ohio, ninakoishi, karibu na kabati langu la dawa. Wiki ya nane nilipunguza, matembezi mafupi tu, mwili upone.

Januari na Februari huku Ohio huwezi kutembea nje saa mbili bila kujuta. Nilizunguka ndani ya duka kubwa la jumla, lile lenye sakafu ya saruji, nikisukuma kitoroli kitupu. Mlinzi alianza kunisalimia kwa jina.

Kama safari yako ni wiki mbili zijazo na hujafanya lolote, usijaribu kufidia. Tembea kila siku kidogo, na badala yake ubadilishe ratiba ya huko: ingia mapema, toka saa saba, rudi hotelini, lala chali miguu ikiwa imeegemea ukuta, kisha urudi jioni jua limepungua.

Kisigino kinachoma kama msumari, hasa hatua za kwanza asubuhi

Huo mara nyingi ni ule mshipi mpana wa chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Usiku unajikaza, asubuhi ukiukanyaga unavutwa ghafla. Sababu zake ni vigimbi vilivyokaza, soli zilizokufa, au kuongeza mwendo haraka kupita kiasi. Ukiuona ukiwa bado kwenye mazoezi, umebahatika, una muda. Simama uso ukiutazama ukuta, mguu mmoja nyuma umenyooka, kisigino chini, sukuma ukuta kwa nusu dakika, mara tatu kila mguu, kutwa mara mbili. Jaza maji chupa ya plastiki, igandishe, iviringishe chini ya unyayo ukiwa umekaa. Kabla hujatoka kitandani, vuta vidole kuelekea kwako mara kumi. Na usitembee pekupeku kwenye vigae vya hotelini.

Maumivu ya mbele, kwenye ugoko, ni ndugu yake: umeongeza mwendo kabla mfupa na misuli havijakubali. Punguza wiki moja, kisha uanze tena taratibu. Lakini kama panauma mahali pamoja panapozibika kwa ncha ya kidole, na panauma hata umelala, acha kutembea ukapigwe picha. Mfupa nao unaweza kupata ufa.

Magoti yanalalamika kwenye mteremko na ngazi

Kifupi: goti linabebeshwa kazi ya mapaja na makalio. Kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika kitu, kaa polepole. Mara kumi, pumzika, rudia mara tatu, siku tatu kwa wiki. Ukipiga mswaki, simama kwa mguu mmoja, meno ya juu kwa mguu wa kulia, meno ya chini kwa mguu wa kushoto. Mama alianza hilo la kiti miezi miwili kabla ya safari yetu ya pili, huko huko Muheza, kwenye kiti cha barazani, jirani zake wakidhani anafuata masharti ya mganga.

Mapaja yanachubuana

Hakuna anayelizungumza na linawapata wengi, wembamba kwa wanene. Jasho likikauka linaacha chumvi, na chumvi hiyo ndiyo msasa. Paka mafuta ya mgando asubuhi na urudie mchana, au vaa bukta ya kubana ndani. Kina mama wenye madera na magauni, bukta hiyo ni ya lazima. Usivae kanga au kitenge kikavu moja kwa moja kwenye ngozi kwa mwendo wa kutwa, utajuta kabla ya saa sita.

Kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu

Siku za Julai na Agosti joto la Orlando hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na unyevu ni wa pwani kabisa. Mama, aliyetoka Muheza wiki mbili nyuma, hakuhangaika. Mimi niliyetoka kwenye lori lenye kiyoyozi ndiye niliyekuwa natafuta ukuta wa kuegemea. Mwili unahitaji kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto, kwa hiyo ukitokea kwenye baridi, fanya baadhi ya matembezi ya mwisho saa za mchana au ukiwa umevaa nguo ya ziada, taratibu na maji yakiwepo.

Ukiona dalili hizo na jasho jingi, ingia ndani penye kiyoyozi, kaa, lowesha shingo, kunywa kidogo kidogo, kula kitu chenye chumvi. Vibanda vya chakula vinavyouza soda za mashine hutoa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba, huna haja ya kununua chupa kila saa. Ila kunywa lita juu ya lita bila kula nako ni hatari, chumvi ya damu inashuka. Mtu akianza kuongea ovyo, akayumba au akazimia, hilo si la kupepea: piga 911, namba ya dharura ya kule, mweke kivulini, barafu shingoni, kwapani na kinenani.

Vidole vya mikono kuvimba ukitembea ni kawaida, inua mikono ufumbe na kufumbua. Madoa ya wekundu au zambarau juu ya soksi, kwenye vigimbi, baada ya siku ya joto na mwendo mrefu, huwapata sana wanawake waliovuka miaka 50. Yanatisha kuliko yanavyodhuru, na huondoka yenyewe ndani ya siku chache.

Mguu mmoja umevimba, mwingine haujavimba

Hili lisome polepole. Kutoka Dar mpaka Orlando ni zaidi ya saa ishirini za kukaa, ukihesabu na kusubiri ndege ya kuunganisha. Miguu yote miwili kuvimba baada ya hapo ni jambo la kutarajia. Kigimbi kimoja kikivimba, kina joto na kinauma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usikande, usipake dawa ya misuli, usiseme ngoja kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukipata pumzi fupi au maumivu ya kifua, ita gari la wagonjwa. Ndiyo maana mzee anayetoka nyumbani simwingizi kwenye bustani kabla hajapumzika siku mbili kamili.

Wazee, na watoto

Anayemeza dawa za presha za kukojoza amwone daktari wake kabla ya safari kuhusu joto. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mtu mwingine, kwa sababu ganzi inamficha lengelenge.

Mtoto wa miaka sita aliyekataa kigari cha kusukumwa tangu akiwa na miaka minne atakihitaji Orlando. Hatua zake ni fupi, anapiga nyingi kuliko zako kwa njia ile ile. Akianza kugoma na kulia bila sababu, mara nyingi sababu ni miguu na njaa.

Kuhusu kiti cha magurudumu, mama aligoma safari mbili nzima. "Watasema nimelemaa." Safari ya tatu nilikodi bila kumuuliza, nikakitumia kubebea mabegi. Hakukaa mpaka mchana, tena kwa dakika kumi tu, "kukijaribu". Jioni tulipopita tena Harambe, mjukuu ndiye aliyekuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, na mama anakisukuma yeye mwenyewe, ameegemeza mikono yote miwili kwenye mishikio. Nilipotaka kumpokea akakataa, eti kinamsaidia kiuno.